Kitabu cha Themanini na Sita

Alipoanza kazi kwa daktari wa meno alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mumewe alikuwa ameoa mwingine kabla kitanda hakijapoa. Pale nyumbani kwa daktari wakamwita Dada. Alipotimiza hamsini bado alikuwa Dada, hata kwa wasichana ambao angeweza kuwazaa. Mdharau mwiba mguu huota tende, alijisemea, akaendelea kufagia.

Daktari alikuwa ameacha kung'oa meno. Wengine wakistaafu hufuga njiwa. Yeye alifuga vitabu. Vilikuwa vitabu vya kufundishia sayansi, vya miaka mia mbili iliyopita, vimevikwa ngozi ya ndama: vya mimea, vya umeme, vya hewa na moto. Vilitengewa chumba kizima, na pazia halikufunguliwa humo kwa sababu jua hula ngozi.

Alimfundisha Dada kuvitunza. Kitabu hakivutwi kwa kucha juu ya mgongo. Unawasukuma ndani majirani zake wawili, kisha unakishika kiunoni. Unakibana kisifunguke, unapangusa vumbi kwa brashi laini kutoka mgongoni kwenda nje. Ngozi iliyozeeka hutoa unga mwekundu, nao uliingia katika mistari ya viganja vyake, sabuni ikashindwa. Mara moja kwa mwaka kila kitabu kilifunuliwa ukurasa kwa ukurasa kutafuta wadudu. Hapo ndipo Dada alipozijua picha zote. Herufi hakujua hata moja.

Siku moja alimwomba daktari amfundishe kuandika walau jina lake. Daktari akacheka, tena kwa upole, na huo upole ndio uliouma.

"Ukijua kusoma, Dada, utakaa kitako usome. Nani atapangusa?"

Hakuomba tena. Hakusahau pia.

Daktari alipofariki, binti yake akamleta mnunuzi, mtu wa miwani na maneno machache, aliyesema atachukua vyote au aache vyote. Orodha aliyoiandika daktari kwa mkono wake ilikuwa na vitabu themanini na sita. Mnunuzi akahesabu migongo kwenye rafu: themanini na vitano. Akaanza upya kutoka upande wa pili. Themanini na vitano vilevile. Kilichokosekana kilikuwa cha nyota.

Binti akamfuata Dada jikoni. Hakupaza sauti. Alisema babake alimwamini, kwamba binadamu ana shida zake, kwamba yeye si mtu wa polisi.

"Kirudi tu, Dada. Hatutauliza kimepitia mlango gani."

Dada akaweka sufuria chini. Walimu wawili wazee, mtu na mkewe, walikuwa tayari kumpa kazi na chumba, wakingoja barua tu kutoka nyumba hii. Bila barua, angerudi kwa dada yake mdogo kulala sebuleni na kusimangwa kwa kila kijiko cha chumvi. Na barua yenye neno wizi ni heri isiandikwe.

Akafuta mikono, akaenda chumba cha vitabu, akamwuliza mnunuzi kitabu hicho kilikuwa na picha gani.

"Yeye picha zinamhusu nini?" binti akauliza.

Mnunuzi akaisoma orodha: sayari yenye pete, nyota yenye mkia.

Dada alikwenda rafu ya tatu, akasukuma majirani wawili, akatoa kitabu cha mimea. Akafunua majani, mizizi, maua yaliyopasuliwa, mpaka katikati, ambapo karatasi ilibadilika ikawa nene na ya kijivu. Akafunua kurasa chache zaidi, na hapo ilikuwepo: sayari na pete yake.

Mmiliki wa zamani alikuwa ameviunganisha vitabu viwili vyembamba katika ngozi moja, na mgongoni likaandikwa jina la cha kwanza tu. Daktari aliorodhesha vitabu. Mnunuzi alihesabu migongo.

"Basi, yamekwisha," binti akasema, akicheka kidogo. "Tumesumbuana bure."

"Hayajaisha. Niandikie barua sasa hivi."

Binti akaandika, akamkabidhi. Dada akaipitisha kwa mnunuzi, akamwomba amsomee kwa sauti. Ilisema alikuwa mchapakazi na msafi.

"Aongeze kwamba vitabu vilihesabiwa siku ninayoondoka, na hakikupotea hata kimoja."

Binti alimtazama mnunuzi. Mnunuzi alitazama kalamu. Maneno yakaongezwa, yakasomwa tena, na Dada akaikunja barua akaitia kifuani.

Dada alipokuwa anafunga mizigo yake, mnunuzi alisimama mlangoni akaomba, kwa adabu sana, amwonyeshe ni vitabu gani vina mgongo dhaifu, visije vikakatika njiani. Dada alivijua vyote. Vilikuwa kumi na moja, na kimoja kilishikiliwa na uzi mmoja tu.

"Wewe unajua kusoma, baba," akamwambia. "Visome."

Akabeba mfuko wake, akatoka. Viganja vilikuwa vyekundu bado.