Kifuniko cha Oili cha Pikipiki ya Mama Tekla

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana hakunipa spana. Alinipa kifuniko cha oili, kile kinachoziba tundu la kumiminia oili kwenye injini, akaniambia nikiume kwa meno.

"Sheria ya hapa ni moja," alisema. "Ukimwaga oili chafu, kifuniko unakiuma. Hukitoi mdomoni mpaka oili mpya imeingia. Umeelewa?"

Niliitikia kwa kichwa. Ladha ya oili iliyoungua ilinikaa ulimini mpaka jioni, na ugali wa siku ile niliula kwa shida. Ninyi vijana wa leo mnaweka kifuniko popote, halafu mnakitafuta gereji nzima. Mnatucheka bure.

Karakana yetu ilikuwa Morogoro mjini. Tulitunza pikipiki za mabwana shamba, za maofisa wa misitu, na ile ya Mama Tekla, mkunga wa zahanati moja huko milimani. Yake ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, yenye mlio mzito uliosikika kabla haijaonekana. Niliipenda kuliko zote, na ndiyo niliyoiharibu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwaga oili, kifuniko kiko kwenye meno, Mama Tekla akaingia. Jamani, nimelelewa. Nitamkodolea macho mtu mzima na chuma mdomoni? Nikakitoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za maharage. Huku tunaongea, mkono wangu ukakirudisha kifuniko kwenye tundu lake, ukakikaza.

"Iko tayari?"

"Tayari, mama."

Injini ilinoki kwenye mlima, mbele ya Mlali. Kunoki ni pistoni kung'ang'ania ndani ya silinda kwa kukosa oili. Mama Tekla, aliyekuwa anakwenda kuzalisha, alimalizia njia kwa miguu, na mtoto akazaliwa yeye hajafika. Namshukuru Mungu, mama na mtoto walipona.

"Uliweka oili?" Mkuu aliniuliza.

"Niliweka, mkuu."

Akaandika kwamba injini imechakaa. Spea za Kiingereza hazikupatikana, tukaweka injini ya Kijapani kutoka pikipiki iliyogongwa. Haikukaa kwenye fremu. Nilichomelea vishikizo vipya, nikabadilisha sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, na mlio ukawa mwembamba kama wa cherehani. Injini ya zamani ilipotupwa, niliiokota.

Nilihamishiwa Mazimbu, kisha Mlali, na mwisho nikawa mkuu wa karakana mimi mwenyewe, nikiwaambia wengine waume vifuniko. Kila nilikohamia niliibeba ile injini. Mke wangu aliiita mke mwenza. Kazi nilistaafu, lakini ule uongo nilikuwa nao bado.

Mwaka huu Mama Tekla, sasa anatembea kwa mkongojo, aliniita kwake Bigwa. Pikipiki ilikuwa uani, imeota kutu.

"Binti yangu anataka uirudishe kama ilivyotoka kiwandani," alisema. "Hivi injini yake iliishia wapi?"

"Iko kwangu, mama. Niliiua mimi. Sikuweka oili, nikasema niliweka."

Aliigeukia pikipiki, nikatamani anitukane.

"Mimi nilijua nimeiua mwenyewe," alisema. "Kwamba niliilazimisha mlima. Miaka yote hii, mwanangu, nimejilaumu kwa yule mama aliyejifungua peke yake."

Nililia, mzee mzima. Hilo sikuwahi kulifikiria hata mara moja. Nilidhani mzigo ni wangu tu.

Baada ya siku tatu aliniita tena. "Rudisha rangi, rudisha taa. Hiyo ya Kijapani iache humo humo, ndiyo iliyonifikisha kwa kina mama wengine wote. Ile ya zamani iweke barazani niwe naiona."

Nimeifanya kazi hiyo mwezi mzima, taratibu, kwa raha ambayo sikuipata tangu nistaafu. Jana nilikuwa nimefikia oili. Nimemwaga chafu, kifuniko kiko kwenye meno machache niliyobakiza, mlango ukafunguka, Mama Tekla akatoka.

Sikukitoa. Niliinamisha kichwa tu, mpaka chini kabisa.

"Marahaba," alisema, akaketi barazani kusubiri nimimine.