Mgongo wa Mtoto wa Msusi

Saluni walimwita Vidole, kwa wepesi wake wa kusuka. Siku alipojua ana mimba, vidole hivyo vilimgomea. Mteja mmoja ikabidi amuulize kama anasukwa au anataniwa. Akili ya Vidole ilikuwa kwenye vidonge vya kifafa. Alivimeza tangu usichana, na aliendelea kuvimeza wakati wote ambao hakujua kuwa hayuko peke yake.

Kliniki alikwenda na wifi yake, mtu asiyejua kunong'ona.

"Niviache?" Vidole aliuliza kabla hajaketi.

"Usiviache ghafla," daktari alisema. "Ukianguka vibaya mtaumia wote wawili. Tutabadilisha taratibu."

"Vimemfanya nini mwanangu?"

Daktari alivuta kiti karibu. "Mwanzoni mtoto ni fungu la seli zinazofanana. Kila moja ina jeni za mwili mzima, ila haizitumii zote. Seli hupelekeana ishara: washa jeni hizi, zima zile. Ndivyo hii inavyokuwa moyo, ile ngozi. Nyingine hujikunja kama mfereji, na mfereji ukifunga, ndio chanzo cha ubongo na uti wa mgongo. Dawa yako inaweza kuvuruga kuwasha na kuzima huko. Mara nyingi mfereji hufunga salama. Lakini siwezi kukuapia."

"Hufunga lini?"

"Kabla wengi hawajajua wana mimba."

"Kumbe hata humo ndani wanatumiana habari kama sisi saluni," wifi alisema.

"Wifi, basi."

Tangu hapo, kila aliposhika kisogo cha mteja, mkono ulimteleza wenyewe hadi kwenye pingili za shingo. Usingizi ukawa wa kuibia. Mumewe, dereva wa lori, alipiga simu kila alipoegesha.

Siku ya kipimo cha ultrasound, fundi wa picha alipitisha kifaa tumboni kimya kimya.

"Mbona husemi, dada?"

"Naangalia." Akaangalia tena. "Mgongo umefunga vizuri."

Vidole alilia mpaka kifaa kikateleza.

Lakini daktari alimweleza kuwa picha haionyeshi yote. Mengine yangejulikana mtoto akikua. Binti alizaliwa ana nguvu, akatembea mapema, ila maneno yakachelewa. Wifi akasema atasema akipenda. Vidole hakungoja apende. Alimpeleka kwa mtaalamu wa kufundisha watoto kuzungumza. Sasa binti ana maneno machache, analolipenda zaidi ni "sitaki". Wateja wanacheka. Mama yake anamwomba alirudie.