Mkono Ulioinuliwa Saa Nzima

Jamani, leo nimeinua mkono saa nzima na hakuna aliyeniona.

Ilikuwa semina ya historia ya ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia mashamba. Wao wako ukumbini Same, mimi niko mtandaoni, huku Tabora ninakoishi mwaka wa arobaini sasa.

Mtoa mada akaonyesha ramani. Ndiva ya ukoo wetu imepewa jina la ukoo mwingine! Na ramani hiyo inakwenda kuchapwa kitabuni.

Nikabonyeza alama ya mkono.

"Walio mtandaoni tutawafikia," akasema mwenyekiti.

Hawakunifikia. Na sauti yangu walikuwa wameifunga wao. Nikaanza kunusa njama.

Wakaenda kunywa chai, kipaza sauti wakakiacha wazi. (Wasomi hao!)

Nikamsikia mwenyekiti: "Bibi, yule mzee wa Tabora tumpe nafasi?"

Aliyejibu ni Nakunda, binamu yangu, niliyechunga naye mbuzi:

"Ya nini? Asiyekuja msaragambo kuzibua ndiva na wenzake hasemi habari za maji. Yeye jembe alilishika lini?"

Ndiyo sheria yetu. Baba mwenyewe aliwanyamazisha wengi kwayo.

Chai ikaisha. "Mzee, shikamoo. Samahani, mtandao ulisumbua. Karibu uchangie."

Eti mtandao!

Nikauliza moja tu: "Msaragambo unaofuata ni lini?"

Akajibu Nakunda: "Jumatano. Uje na jembe, kaka, usije na kamera."

Tiketi nimeshakata.

Lakini niambieni ninyi: kitabu hakitachapwa Jumanne?