Mtungi Si wa Kuzuilia Mlango

Sijasahau ile Ramadhani, mwanangu, na Ijumaa mmenikumbusha kwa nguvu. Naingia jiko la ukumbi, naona mtungi wa kuzimia moto umewekwa chini kuzuia mlango, eti mpite vizuri na masinia! Nauliza, najibiwa, "Relax, Bibi, it's only a door." Nirelaksi? Nitulie, eti ni mlango tu? Kaa hapo nikwambie.

Upuuzi huo huo tuliufanya sisi. Nilikuwa bi harusi mpya, mgeni hapa Birmingham, tunapika futari ya watu wote kwenye ukumbi kule Acocks Green. Mimi na wifi yangu Mwanaisha tulipewa karai la sambusa. Mtungi mmoja tulikuwa tumeutoa ukutani tukazuilia mlango wa nyuma. Tukanogewa na soga, mafuta yakachemka kupita kiasi, yakashika moto. Mwanaisha akakimbilia kufunga gesi. Mimi nikauvamia mtungi uliobaki ukutani. Nilidhani yote ni sawa, si yote myekundu?

Kumbe ule ulikuwa wa maji. Yalipogusa mafuta, moto uliruka mpaka darini, ukamkumba Mwanaisha mkono mzima hadi shingoni. Ukelele ule, Mungu wangu! Na mtungi wenyewe wa kuzimia moto wa mafuta ndio ule tulioufanya kigingi cha mlango.

Bi Zuwena, mkubwa wetu wa jikoni, alitutoa nje sote, akafunga mlango, akaita zimamoto. Kule hospitali hakunibembeleza. "Kurani unasoma," akaniambia. "Barua za halmashauri unasoma. Maneno mawili ya kwenye mtungi ndiyo yamekushinda?"

Mwanaisha alipona, kwa makovu. Hajanilaumu hata siku moja. Heri angenitukana!

Basi sikilizeni, na simu wekeni chini. Kabla hamjawasha jiko, someni mitungi. Yote ni myekundu, tazameni utepe wake wa rangi. Wa maji ni mwekundu mtupu, huo ni wa moto wa mbao, karatasi na nguo. Wenye utepe mweusi hutoa gesi, huo kwa moto wa umeme. Wa njano ndio wa moto wa mafuta ya kupikia, na ukae ukutani, si mlangoni! Ukiwa hujui, usijitie ushujaa: toka, funga mlango, piga 999 waje zimamoto.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na akukinge usije ukahitaji msamaha kama niliopewa mimi.