Risasi Kali za Shemeji

Wapendwa, mnanijua. Mimi ni mtu wa kuchungulia chai kabla ya kuinywa. Baba mkwe aliponiachia bunduki yake kuukuu ya mitutu miwili, akamruka mwanawe Mutua, nilijua shemeji atanitafuta siku moja. Kibali kilipotoka kwa jina langu, Mutua alicheka tu. Kicheko hicho sikukipenda.

Nyani walivamia mahindi yangu hapa Kalamba na risasi za mzee zilikuwa zimekwisha. Mutua alinisindikiza dukani, akanichagulia kali kuliko zote, akalipa yeye mwenyewe. Mtu anakulipia kwa nini?

Nilipiga hewani. Kitako cha bunduki kilipasuka begani na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Niliusikia ukilia kama kuni kavu. Nilitapika palepale.

Bega lilivimba, likawa jeusi hadi kifuani. Hospitalini nililala nimeketi. Daktari alisema mfupa utaunga, lakini nisipofanya mazoezi mkono hautapanda tena juu ya kichwa. Kila siku Mutua alileta muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, yenye maharagwe. Sikuugusa. Nilimpa mgonjwa wa kitanda cha pili, kisha asubuhi namchungulia kama angali hai. Alinenepa, akaruhusiwa kwenda nyumbani kabla yangu.

Mke wangu alichoka. "Huyo ni ndugu yangu. Si umuulize tu?"

Nilimuuliza. Mutua aliinama. "Baba alikuwa anatumia zile laini. Lakini wewe ni muthoni. Ningekununulia kitu hafifu aje?"

 Kwetu muthoni, yaani mkwe au shemeji, hata kuku huchaguliwa mnono. Alikuwa ameona aibu kuninunulia hafifu.

Basi sikieni. Bunduki ya zamani ikaguliwe na fundi kwanza, kisha ipewe risasi laini, zenye baruti kidogo. Nyani hukimbia mlio, hawaulizi ukali.

Kitako kilipotengenezwa, tulinunua laini. Nilimwambia Mutua asimame bega kwa bega nami nikipiga. Ikipasuka, itupate wote. Alisimama. Bunduki ilinisukuma kidogo tu, nyani wakatoroka.

Leo mkono naupandisha hivi, mnaona. Namshukuru Mungu, na daktari, na mke wangu.

Jioni ya siku ile nyani walipotoroka, Mutua alileta muthokoi tena. Nilingoja aonje kwanza. Akaonja, akacheka kicheko chake kile, nami nikala mpaka nikalamba sahani.