Waliomtafuta Binti Asiyekuwepo

"Sasa nieleze, Isaka. Binti mwenyewe hajazaliwa, hana mama, hana kwao, na nyie watu elfu nne mnamtafuta asubuhi mpaka jioni. Na huyu hapa je?"

Shangazi Brigita alikuwa na mwiko mkononi, na mwiko huo ulimwelekea Rozalia, aliyekaa mkekani anachambua maharage kana kwamba anayesemwa ni mtu mwingine.

Isaka aliinua macho kwenye simu. Shule aliiacha kidato cha pili, kukaa darasani kulimshinda. Akaangukia kutengeneza karabai za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, na mikono yake ikapata jina. Ila akili yake ilikuwa haitulii, mpaka siku alipokutana na lile jukwaa mtandaoni. Kuna mtu, hajulikani ni nani, alikuwa anaficha vidokezo huku na huku: namba nyuma ya picha, herufi kwenye tangazo, sauti ya redio iliyogeuzwa. Ukivifuata, vinakupeleka kwa binti mmoja aliyepotea. Binti ni wa kutungwa, kila mtu anajua, lakini masharti ni kucheza kama vile yupo kweli. Isaka alikuwa anasoma na kamusi ya simu pembeni, bando likiisha anarudi kwenye karabai.

Alijaribu kumweleza shangazi yake uzuri wake. Kwamba mtu wa Lima akikwama, wa Manila anaamka na jibu. Shangazi akasema yeye Manila haijui, anachojua ni kwamba kesho asubuhi basi linamchukua Rozalia kumpeleka kambini Nyarugusu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa inamuuma kila mtu pale nyumbani Buzebazeba. Ilikuwa Mei ya 2015, Warundi wanaokimbia machafuko kwao wameshuka Kagunga, kijiji cha mpakani, kwa maelfu, wanaletwa mjini kwa meli. Kwenye msukumano wa kupanda, Rozalia alipoteana na mdogo wake, Feliksi, ndugu pekee aliyebaki naye. Akina mama wa kanisani walipogawana wageni wa kulala, Brigita akampata yeye. Siku tatu nyuma iliingia picha kwenye simu ya Rozalia, namba ngeni: Feliksi kasimama ufukweni, na maneno mawili kwamba yu mzima. Basi. Ukipiga ile namba, haipatikani. Na ile milima ya nyuma yake, ukanda wote wa ziwa imefanana kama watoto wa tumbo moja.

"Nipe hiyo picha, dada," Isaka akasema.

Jukwaani kulikuwa na sheria moja kubwa: mambo ya nje usilete. Isaka akaitupia picha humohumo, saa nne asubuhi, akaandika tu, huyu yuko wapi?

Dakika kumi, majibu sabini. Wakamvamia Feliksi kama kidokezo kipya. Mmoja alikuwa anahesabu vifungo vya shati. Mwingine aliona ardhi nyuma yake inang'aa, akaapa ni vioo vilivyovunjwa, vimepangwa viwe maandishi. Isaka alicheka peke yake. Vile vilikuwa dagaa, wameanikwa mchangani.

Halafu kicheko kikakatika. Akaandika polepole, na kamusi: Huyu siyo wa mchezo. Ni mtu. Amekimbia vita, dada yake amekaa hapa karibu yangu, kesho anapelekwa mbali.

Sheria alishaivunja. Isaka akasubiri kufukuzwa.

Kisha akaja mama mmoja wa Poland, akaandika neno moja: Sawa. Na baada yake wakamiminika. Yule wa Lima akachora mgongo wa ule mlima kwa mstari mwekundu. Mwingine akaupanga juu ya ramani ya ziwa, kutoka Kagunga kushuka kusini, ghuba kwa ghuba. Mwingine akapima kivuli na saa ya picha, akasema mlima uko mashariki, na uko karibu sana. Watu wasiojua hata Kigoma inaandikwaje walikuwa wanatembea ufuo wake kwa vidole. Rozalia aliacha maharage akaja kuchungulia, na Brigita naye, mwiko bado mkononi.

Saa saba wakabakiwa na sehemu tatu. Hapo wakakwama.

Yule mama wa Poland akazungushia duara pembeni kabisa mwa picha, kwenye mtumbwi. Akauliza, huu waya ni nini?

Isaka akaikuza. Ilikuwa karabai imening'inia, na mpini wake ulikuwa spoki ya baiskeli, imekunjwa mara mbili na kufungwa kwa nyuma. Asubuhi nzima aliitazama picha ile asiione.

"Hii ni kazi yangu," akasema. Sauti ilimtoka ndogo.

Fundi mwingine Kibirizi hafungi hivyo. Na mpini wa namna ile alikuwa amemfungia mteja mmoja tu, Mzee Telesphory wa Mwamgongo, kwa sababu anazishika karabai kwa mkono wa kushoto. Mwamgongo ilikuwa mojawapo ya zile tatu.

Akapiga.

"Shikamoo mzee. Hapo kwako kuna Mrundi anaitwa Feliksi?"

"Marahaba. Yupo, anageuza dagaa. Kwani amekuibia?"

Isaka akampa Rozalia simu. Akasikia anaita jina, halafu anaita tena, halafu Kirundi kikaenda mbio asikifuate, isipokuwa ego, ego, ego, yaani ndiyo. Telesphory aliahidi kumpandisha Feliksi boti ya jioni hiyohiyo, inayoshushia Kibirizi.

Brigita alikaa chini. Akauliza, kwa upole kabisa:

"Na yule binti wenu, mmempata?"

"Bado, shangazi."

"Basi mtafuteni na yeye."

Jukwaani walikuwa bado wanasubiri. Isaka akaandika: Yupo. Wakajibu kwa lugha ambazo hata kamusi yake haikuwa nazo, majibu yakapita mbio kwenye kioo kama mvua, naye akayatazama mpaka bando likakata.

Mwezi ulikuwa umefika mwisho, siku za giza za kuvulia dagaa zimeingia, na karabai sita za mteja wake Mwinshehe zilikuwa hazina pampu. Akabeba mfuko wa spana, akashika njia ya Kibirizi.