Mwisho wa Filamu ya Mlango

Mtaani kwao wanamwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina limemkaa barabara. Akikaribishwa kiti hukigusa, hukisifu, kisha hubaki wima. Chai hunywa huku akitembea. Akienda kumtazama mgonjwa hospitali, mgonjwa ndiye humwonea huruma na kumwambia apumzike. Hata kazi ameipata ya kufanana naye: dobi kwenye duka la kufua nguo za maofisini, kutwa yuko kwa miguu, mara anapekua mifuko ya makoti, mara anabana namba kwenye pindo kwa pini, mara anaishusha na kuiinua pasi kubwa ya mvuke.

Mtu wa namna hii ukiambiwa anakusanya filamu, utadhani ni zile za ngumi na magari yanayoruka juu ya maghorofa. Wapi! Za Kiguu ni filamu za watu wasio na haraka na dunia. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, za lugha asizozijua, maandishi yanapita chini. Mtu anamenya kiazi, na kamera haibanduki mpaka kiazi kiishe. Mumewe, fundi bomba, aliwahi kuvumilia moja kwa nusu saa, akauliza kwa heshima zote, "Hivi huyu bwana akishafika pale dirishani, kuna kitu atafanya?"

"Ameshafanya," Kiguu akamjibu.

"Kafanya nini?"

"Kafika dirishani."

Fundi bomba akaaga, akaenda kulala.

Na zenyewe huzitazama akiwa amesimama, bega limeegemea fremu ya mlango wa chumba, mguu mmoja ndani na mwingine koridoni, utadhani kaitwa mahali. Lakini huo ndio muda pekee ambao mikono yake hutulia. Chumba chenyewe kilikuwa cha watoto. Walipoanza maisha yao, mumewe alimpigilia rafu za mbao ukutani, nazo zikajaa mikanda ya video, kisha sahani za DVD, kisha mikanda tena, mpaka maboksi yakashuka sakafuni. Kila jioni huipitia, akaigeuza, akainusa kama imeanza ukungu. Na hakuna mkanda uliowahi kurudi rafuni kabla ya kurudishwa mwanzo. Kwa hilo ni mkali kuliko mwenye duka la kukodisha.

Haya yote yalianza kwa ubishi.

Kiguu ana dada mmoja tu, mkubwa kwake, anayeishi mbali, safari ya ndege. Walipokuwa wasichana, shangazi yao alikuwa akikata tiketi kwenye jumba la sinema, na mchana, viti vikiwa vitupu, aliwapenyeza kwa mlango wa pembeni. Humo ndimo walimoona filamu moja ambayo jina hawakuliwahi. Mpaka leo wanaiita filamu ya mlango. Mama yuko ndani, mvua inanyesha, binti yake yuko nje anagonga. Mama anasimama, anakaa, anasimama tena. Mwishoni mkono wake uko kwenye komeo.

Miaka mingi baadaye, kwenye simu, wakikumbushana mambo ya utotoni, dada akasema lile jambo zuri la mwisho, pale mama alipofungua.

"Hakufungua, dada," Kiguu akasema.

"Alifungua! Mimi nilikuwa kiti cha mbele."

"Ndiyo maana uliona miguu tu."

Siku hiyo walicheka. Safari ya pili hawakucheka sana. Ya tatu, kila mmoja alikata simu akidhani ndiye aliyetangulia. Maana katika familia ile mlango si jambo la mzaha. Dada mtu aliwahi kurudi nyumbani akiwa na mimba, hajaolewa, na mama yao akafunga kwa ndani. Aligonga mpaka akachoka, akaondoka, na hakulala tena katika nyumba ile. Mama sasa ni marehemu, na mimba ile leo ni baba wa watu. Lakini jioni ile haijazungumzwa hata siku moja. Wanagombania filamu badala yake, na wote wawili wanajua.

Basi Kiguu akaanza kuitafuta, apate ushahidi amalize maneno. Hakuipata, akapata nyingine, akaipenda. Akatafuta tena, akapata nyingine mbili. Ndivyo rafu zilivyojaa. Akabandika hadi tangazo pale dukani, juu ya mashine ya kukaushia: NANUNUA MIKANDA YA ZAMANI. Hapo alijitakia. Watu walimletea mikanda ya suruali. Ya ngozi, ya plastiki, mingine haina hata chuma cha kufungia. Bosi wake alicheka mpaka akashika kaunta. Mzee mmoja mfiwa alimletea mikanda mitano imekunjwa vizuri, na Kiguu alipomweleza kosa, mzee alicheka, akakuna kichwa, akasema mikanda ya namna hiyo pia anayo, ya marehemu mke wake, ipo juu ya kabati. Kesho yake akarudi na mfuko. Katika mfuko ule, ndani ya kasha lililopauka, ilikuwemo filamu ya mlango.

Dada alikuwa anakuja wiki ile. Kwenye simu Kiguu alimwambia tu, "Njoo, nina kitu chako," na dada akajua papo hapo, akasema, "Usiitazame peke yako. Tuitazame pamoja." Kiguu akaapa. Kiapo kilidumu mpaka alipovua viatu.

Hakufungua. Mkono wa yule mama unakaa kwenye komeo, kisha unashuka. Anarudi kitini. Picha inaisha kwenye mlango uliofungwa. Kiguu aliruka, akapiga makofi peke yake kama mwehu, akarudisha nyuma kidogo akatazama tena, na tena. Safari ya mwisho deki yake, mashine ya kuchezea mikanda ambayo imekula chumvi nyingi, ikaanza kukoroma. Alijua dalili zile. Ikikoroma hivyo, ukirudisha mkanda mwanzo inautafuna. Akautoa haraka, ukiwa mwishoni vilevile, akauweka kwenye mfuko wa karatasi sakafuni pembeni ya mashine, akamwita fundi wa redio na video.

Ungedhani sasa angetulia. Ndiyo kwanza ukawa ugonjwa. Wiki nzima aliinua pasi na kushusha huku akijizoeza namna ya kusema. "Si nilikwambia, dada?" Hapana, kwa upole zaidi. "Umeona mwenyewe." Alichoma kola ya shati la mtu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ushindi alikuwa nao mkononi, na ulimuwasha.

Dada aliingia Ijumaa jioni, amechoka, akalala. Jumamosi Kiguu alikuwa na zamu ya asubuhi, na fundi alisema atapita mchana. Kwenye saa nne akakumbuka kwamba deki ipo chini ya rundo la makasha, fundi hataiona. Akapiga simu nyumbani, mashine zinanguruma nyuma yake.

"Dada, kuna fundi anakuja. Naomba kitu kimoja tu. Deki!"

"Nini?"

"Deki, dada! Kwenye kile chumba cha mikanda! Ikae tayari kabla hajafika!"

"Haya, nimesikia," dada akasema, kwa sauti kavu kidogo, na simu ikakatika.

Kiguu alirudi kwenye makoti, lakini kitu kilimcheza moyoni. Ile sauti kavu ilikuwa ya nini? Akapiga tena, haikupokelewa. Akabana namba ya koti kwenye gauni. Bosi akamwambia, "Nenda nyumbani kabla hujapiga pasi mteja." Akaenda, nusu anatembea, nusu anakimbia.

Mlangoni alipokewa na harufu ya sabuni. Koridoni sakafu inang'aa. Dada mtu alikuwa chumbani, khanga kiunoni, ndoo pembeni, anakamua tambara la mwisho.

"Nimekupigia deki," akasema bila kugeuka. "Nimekuja kusalimia, nimepewa tambara. Haya, si neno. Chumba kilikuwa kichafu kweli."

"Dada! Deki, dada! Mashine!"

"Mashine gani?"

"Ya video! Deki!"

"Hiyo kwetu ni video. Deki ni deki."

Wakatazamana. Kiguu akashuka sakafuni. Maboksi ya chini yalikuwa yamelowa kwenye pembe tu, yatapona. Mfuko wa karatasi ulikuwa umegeuka uji. Aliuinua mkanda, na maji ya sabuni yakatiririka kutoka ndani yake mpaka kwenye kiwiko. Dada akaona ni upi. Akashika mdomo.

Fundi alipofika hakusema mengi, kwa bahati nzuri. Aliisafisha deki kichwa, kisha akafungua skrubu za mkanda, akautazama kwa ndani.

"Umeingia maji ya sabuni," akasema. "Lakini yamekula mizunguko ya juu juu tu. Umeuacha mwishoni, sasa mwisho ndio uko nje. Ungekuwa umeurudisha mwanzo, mwisho ungekuwa katikati kabisa, usingeguswa."

Kiguu, mkali wa kurudisha mikanda, aliona aibu mpaka masikio yakashika moto. Dada alimtazama kwa pembe ya jicho.

Fundi aliondoka, wakabaki wawili na kazi ya kukausha. Kiguu alijua vitambaa, alijua kipi hakitaki joto. Walizungusha magurudumu kwa kidole, pole pole, dada anashika, yeye anagusisha pamba, feni inapuliza upande. Kazi ile hailazimishi watu kutazamana usoni, na labda ndiyo sababu dada akaongea.

"Unajua kwa nini ninasema alifungua?"

"Kwa sababu wewe mbishi."

"Siku ile, mimi nikiwa nje, nilisikia komeo." Aliendelea kuzungusha gurudumu. "Nilikuwa nimeshakata tamaa, nimegeuka niondoke. Nikasikia komeo likilia kidogo, tik. Nikasimama. Halikuendelea. Lakini nililisikia. Mama aliinuka, akaja, akalishika. Alitaka kufungua. Mdogo wangu, miaka yote hii nimelala usingizi kwa sababu ya ile tik. Nisingemsamehe bila hiyo."

Pamba ikamdondoka Kiguu. Aliinama kuiokota, akakaa huko chini muda mrefu kuliko pamba ilivyohitaji.

Maana mama yao hakuinuka. Mama alikaa kwenye kiti chake, mgongo kwa mlango, akasema asiuguse mtu. Aliyekwenda ni Kiguu, mtoto wa shule, kwa ncha za vidole. Aliyelishika komeo ni yeye. Likalia tik, mama akakohoa kule kitini, kikohozi kimoja, na yeye akaliachia kana kwamba limemchoma. Akasikia viatu vya dada vikishuka ngazi. Tangu jioni ile kukaa kwenye kiti kumemshinda.

"Umenyamaza," dada akasema.

"Nasikiliza feni," Kiguu akajibu.

Jua lilipoinama waliufunga mkanda, wakaurudisha mwanzo kwa mkono, wakauingiza kwenye deki. Ukakubali. Fundi bomba alikuja akachungulia, akaona mvua ya nyeusi na nyeupe inanyesha, akasema atakuwa jikoni. Dada alijikunja kwenye kochi. Kiguu akashika nafasi yake kwenye fremu ya mlango. Filamu ikaenda vizuri, binti akafika, akagonga, mama akasimama, akakaa, akasimama. Akaufuata mlango. Mkono ukainuka, ukagusa komeo, na hapo picha ikapinda, sauti ikalegea, zikaja chenga. Chenga tupu, kioo kizima, zinachemka.

Walingoja. Hazikuisha.

"Wewe uliitazama," dada akasema. "Usinidanganye, nakujua. Nimeona ulivyouacha mwishoni. Niambie basi. Alifungua?"

Sentensi ilikuwa tayari. Kiguu alikuwa ameipiga pasi wiki nzima, haina mkunjo hata mmoja, ipo kwenye ncha ya ulimi. Aliutazama uso wa dada yake, umeelekea kwake wote, na akaona kwamba dada anaogopa.

"Alifungua, dada," akasema. "Nimekosa mimi."

Dada akapumua. Kisha akacheka, kicheko cha mshindi, akapiga goti kwa kiganja. "Miaka yote hiyo unanibishia! Miaka yote!"

"Nimekosa. Nisamehe, dada. Nimekosa sana."

"Sasa machozi ya nini, jamani, filamu tu hii." Dada akasogea, akaacha nafasi kwenye kochi. "Hebu njoo ukae. Unanichosha kukutazama."

Kiguu akaiacha fremu ya mlango. Akaenda, akakaa kitako, chenga zikiendelea kuchemka mbele yao, na dada akamshika mkono, ule ule ulioshika komeo.